Lenzi Isiyokwenda Mbali

Nyumbani kwetu Kaagya tulikuwa na picha ya harusi yenye tundu. Ukiinyanyua kuelekea dirishani, mwanga wa kibanja chetu cha migomba ulipita hapo, wa kijani, duara dogo kama kidonge. Watu wamesimama mistari miwili mbele ya kanisa, wanaume wamevaa mashati yenye kola ndefu, na wa pili kutoka kushoto, mstari wa nyuma, ana gauni, ana mikono, ana shingo, lakini hana kichwa. Huyo ndiye mama yangu.

Mtu ambaye hakukulia kwetu miaka ile anaweza kudhani ni ukatili. Kwetu ilikuwa kawaida. Mtu akifa kwa huu ugonjwa wetu, ambao msibani hakuna aliyeutaja kwa jina, familia ilitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza na baadaye kwenye msalaba. Baba alitangulia, na yeye alikuwa na picha ya leseni ya udereva. Mama hakuwa na picha ya peke yake. Picha ya peke yako ulipiga kwa ajili ya safari, na yeye alikuwa anakwenda wapi? Kwa hiyo bibi alichukua mkasi. Aliukata uso wa mama kwenye picha ya harusi ya rafiki yake, ukapelekwa mjini kukuzwa, ukarudi, ukapigiliwa msalabani ndani ya nailoni. Masika mawili yakatosha kuumaliza. Mimi nilikuwa na miaka minne. Namkumbuka mama kwa harufu ya sabuni ya mche na kwa namna alivyoita kuku. Uso sina.

Nisidanganye, si uchungu ulionipeleka kwenye kazi ya picha. Niliipenda tu. Nilimaliza darasa la saba, nikakaa mwaka mzima nikipalilia migomba na kuota ndoto, na ndoto zangu hazikuwa ndogo: nilijiona nikipiga picha za kalenda, zile za milima na twiga, wakati twiga mwenyewe sijawahi kumwona. Kisha nikapata kibarua kwenye studio moja ya mjini, huko Bilele. Mwenye studio alikuwa mzee mfupi, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya Kilutheri, na aliwaambia wateja “kidevu juu” kwa sauti nzito hata watoto wakalia kabla ya kupigwa picha. Nilifagia, nikajifunza kusafisha filamu, nikaharibu kadhaa, nikasamehewa.

Miaka hiyo dawa za kurefusha maisha zilikuwa zimeanza kutolewa. Misiba ilipungua kidogo, watu wakapata nafasi ya kukumbuka. Yatima waliokuwa wamekua walianza kuja studio na picha zenye matundu. Wengine walikuwa na vitoto vyao mgongoni. Waliziweka juu ya meza.

“Mzee, mnaweza kumrudisha?”

“Aliyekatwa harudi,” bosi alijibu kila mara, kwa upole. “Tafuta mwenye nakala nyingine ya picha hii. Ukimpata, njoo.”

Wachache sana walirudi. Filamu zenyewe zilishapotea, na waliopiga picha hizo nao walishazikwa. Mimi nilisikiliza nikiwa nimeshika ufagio. Sikuwahi kumwambia bosi kwamba na mimi ninayo moja nyumbani.

Ndipo kamera ya dijitali ilipoingia studio. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Kampala aliyekuja kwa basi kupitia mpaka wa Mutukula, na begi lake la vitu vilivyokwisha kutumika na wenzetu wa mbali. Bosi alinunua kwake kamera yenye lenzi yake fupi ya plastiki. Nilipoona picha inatokea hapohapo mgongoni mwa kamera, bila dawa, bila chumba cha giza, nilicheka mpaka bosi akaniuliza kama nimekunywa pombe ya lubisi asubuhi yote hiyo.

Tukakubaliana jambo. Ningefanya kazi msimu mzima wa harusi, na badala ya ujira wa msimu bosi angeninunulia lenzi ya pili, iwe yangu.

“Moja,” alisema. “Uichague mwenyewe. Ukikosea usije ukanililia.”

Mimi nilikuwa nimeshachagua. Ilikuwa nyeusi, nene kama chupa ya chai, ya kuvuta vitu vya mbali. Yule wa Kampala alikuwa amenikopesha niijaribu, nikapanda nayo kilimani juu ya mji, nikaitazama Musira. Kisiwa kikaja mpaka puani pangu! Niliona kamba ya nguo, na shuka la bluu juu yake, na mkono wa mtu ukilikunja. Mtu huyo hakujua kama niko duniani. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilihisi kwamba mwenye lenzi ile hawezi tena kukosa kitu. Kitu chochote kilicho mbali atakiita, nacho kitakuja.

Dada wa saluni ya jirani alikuwa akinitania kila nilipopita. “Nunua, nunua. Mwanaume akikukimbia utamwona mpaka Uganda.”

Katikati ya msimu ule shangazi alikuja mjini, dada yake baba, aliyenilea pamoja na bibi. Aliingia studio na mkungu wa ndizi kichwani, akautua, akajipepea.

“Wewe mtoto, kaa chini. Yule bibi harusi hajafa.”

“Bibi harusi yupi, shangazi?”

“Yupi tena? Mwenye picha! Yuko kisiwani Bumbire, ananunua dagaa. Nimeonana na mtu aliyekunywa chai nyumbani kwake. Na picha anayo, iko ukutani.”

Kwetu, mtu ambaye hajulikani aliko tulimhesabu na wafu, na mara nyingi hatukukosea. Huyo nilikuwa nimeshamzika moyoni tangu utotoni.

“Nzima?” niliuliza.

“Mtu au picha?”

“Picha.”

“Mawe! Mtoto huyu! Kwanza uliza habari za mtu!” Lakini alikuwa anacheka, na macho yake yamejaa maji. “Mtu mzima, picha nzima. Nenda.”

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata na kamera ya studio. Muleba hadi mwaloni penye boti za wavuvi, kisha boti ya injini iliyojaa nyavu mpya na masanduku ya soda. Nilimkuta amevaa buti za mpira, anawafokea wapagazi. Nitaendelea kumwita Bibi Harusi, ingawa alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kamanda. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.

“Shumalamu, waitu.”

Akanitazama kutoka miguuni. “Usiseme wewe ni wa nani. Nimekuona tangu unashuka. Unatembea kama yeye, kama mtu anayeogopa kuchelewa harusini.”

Ndani alinipa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Nilisahau kuitia mdomoni. Picha ilikuwa kwenye ukuta wa bati, ndani ya fremu yenye kioo. Mstari wa nyuma, wa pili kutoka kushoto. Palikuwa na uso.

Ulikuwa mdogo kama punje ya mchele. Nilisogea mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo, na Bibi Harusi akaufuta kwa ncha ya kanga. Nilimwona na sikumwona. Ilikuwa kama kusikia mtu anaongea chumba cha pili: unajua ni yeye, maneno huyapati.

“Mama, tunaweza kuitoa kwenye fremu?”

“Nilishajaribu. Unyevu wa huku umeigandisha na kioo. Ona kona hii. Huyu alikuwa shemeji yangu. Nilipovuta, amebaki miguu.”

“Basi niazime niipeleke mjini pamoja na fremu yake, tukaitengeneze, nitairudisha mwenyewe.”

“Hapana.” Alilisema bila hasira. “Picha hii haipandi boti. Watu hawa nimewazika, na wengine nimesikia wamezikwa. Nimebaki mimi na yule mtoto aliyeshika maua. Kama una mashine, ifanye kazi hapahapa.”

Mashine haikufanya kazi. Nikiwa hatua moja nyuma, ile lenzi fupi ya plastiki iliipata picha nzima vizuri kabisa. Nikisogea, ililia, ikaenda mbele ikarudi nyuma, ikakataa kushika. Nilikuza kwenye kioo cha kamera kile kidogo nilichopata. Mama alikuwa madoa manne.

“Nitarudi na lenzi nyingine,” nikamwambia.

“Rudi upesi. Na mimi nameza hizo dawa, mwanangu. Zimenisimamisha, lakini sijui zitanifikisha wapi.”

Kwenye boti nilikuwa na furaha, tena nikiimba moyoni, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Lenzi yangu nyeusi! Kama imeileta Musira puani, itashindwa na punje ya mchele? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sikuona aibu kuwaza hivyo kwa sababu hakuna aliyenifundisha vingine. Cha mbali na kidogo vilikuwa kitu kimoja kichwani mwangu. Vyote huvioni, vyote vinahitaji kuvutwa.

Wa Kampala alipokuja, nilimwambia bosi kwamba nimeshaamua, amlipe tu mtu wa watu.

“Umeipima?” bosi akauliza.

“Nimeipima kilimani.”

“Kilimani kuna picha ya harusi?” Nilikuwa nimemsimulia yote hatimaye. Akatoa kwenye droo picha ya zamani ya kwaya, nyuso ndogondogo, akaiegemeza ukutani. “Kiatu hununui bila kuingiza mguu. Mpate huyu mwenye miwani.”

Nikaifunga ile nyeusi kwenye kamera. Ukungu mtupu. Nikarudi hatua moja nyuma, ukungu. Nikarudi nyingine, nikagonga mlango, nikatoka barazani, bado narudi kinyumenyume.

“Unafukuzwa kazi?” dada wa saluni aliuliza.

Nilipofika ukingoni mwa baraza ndipo lenzi ikakubali kushika. Na yule mwenye miwani, kutoka huko nje, alikuwa mdogo vilevile kama nilivyompata mama kule Bumbire kwa lenzi ya plastiki. Nilipiga mara tatu. Sikutaka kuamini.

“Sister, hiyo ni ya mbali,” alisema yule wa Kampala. “Ndege, mpira, Museveni akihutubia. Kitu cha karibu haiwezi.” Akaingiza mkono chini ya begi, akatoa soksi, na ndani ya soksi lenzi fupi, nzito, isiyopendeza. “Unataka hii. Ya watu wanaopiga picha meno na wadudu. Haivuti, hairudishi. Wewe mwenyewe ndiye unaenda.”

Nikaifunga. Nikasogea kwa mwenye miwani. Nikasogea tena, na tena, mpaka nikaogopa kuigusa picha. Alinijaa machoni. Niliona mkwaruzo wa karatasi, niliona mdomo umefunguka kwenye noti ya wimbo ambayo hakuna atakayeisikia.

Sasa ndipo ikawa taabu. Nilisimama na moja mkono huu, moja mkono huu. Ile nyeusi ilikuwa na Musira ndani yake, na shuka la bluu, na twiga wangu wa kalenda, na mimi nikiwa mtu mwingine kabisa, mtu wa kwenda. Hii fupi ilikuwa na ukuta wa bati. Nililia kidogo, nakiri.

“Sister,” wa Kampala akasema, “hizi ni lenzi, si watoto. Chagua moja.”

 Bosi alikuwa anapanga bahasha ambazo zilishapangwa.

Nikabaki na ya soksi. Ile nyeusi iliingia begini, ikarudi Kampala, na sijaiona tena. Nikipita kule kilimani ninaitazama Musira kwa macho yangu tu, na kwa macho tu ni jiwe lenye majani.

“Msimu mzima umengoja, umechukua kifupi?” dada wa saluni alishangaa. “Kinapiga nini hicho?”

“Hata chawa kinampata.”

“Basi ingia ndani, wateja wangu wapo.”

Nilirudi Bumbire nikiwa na wasiwasi wa boti na wasiwasi mwingine, ule wa kukuta watu wamekaa kwenye majani ya msiba. Lakini nilianza kuisikia sauti ya kamanda kabla injini haijazimwa. Bibi Harusi alikuwa amenenepa mashavu. Tukatoa picha nje, tukailaza juu ya kreti mbili za samaki, kamera juu ya stendi imeinama kama mtu anayechungulia kisima. Kioo kilikuwa kinarudisha anga yote, kwa hiyo alileta mwavuli mweusi, akasimama ameushika juu yetu. Akina mama waliokuwa wanageuza dagaa mchangani walisogea kutazama, akawafukuza, wakasogea tena.

Nilizungusha lenzi taratibu. Kwanza likatokea vumbi la juu ya kioo, wazi kama changarawe. Nikalipita, nikaingia kwenye karatasi. Ikatokea kola ya gauni. Mshono wa kola, sindano kwa sindano. Kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Shingo. Ncha ya sikio na hereni ndogo ya duara. Nikaiachia stendi ishike yenyewe, nisije nikaitikisa.

Kisha uso, na uso ulikuwa umetembea.

Sina namna nyingine ya kulieleza. Wenzake wote wamesimama kama mawe, na yeye, sekunde ile ile kamera ilipofumba na kufumbua, aligeuza kichwa. Palikuwa na shavu lililonyooka kama kitu kilichofutwa kwa kidole. Palikuwa na weupe, labda meno. Macho yalikuwa mstari. Nilizungusha mbele, nikazungusha nyuma, nikapiga tena, nikafuta kioo, nikapiga tena. Kila mara kifungo kilikuwa wazi. Lenzi haikukosea. Nilitamani mno iwe imekosea.

Bibi yangu alikuwa akisema siku zote kwamba fundi wa mjini alimharibu mama alipomkuza. Masikini fundi.

Bibi Harusi aliinama chini ya mwavuli wake, akatazama mgongo wa kamera.

“Eeeh,” akasema. “Aligeuka.”

“Alikuwa anamtazama nani, mama?”

Alifikiri kweli. Alifunga macho, midomo ikicheza kama anayehesabu wageni mlango kwa mlango. Hatimaye akatikisa kichwa.

“Sikumbuki, mwanangu. Siku ile nilikuwa najitazama mwenyewe.”

Nilikaa mchangani nikalia, na safari hii si kidogo. Hakuniambia ninyamaze. Mwavuli aliuhamisha ukawa juu yangu. Baada ya muda akauliza, “Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Hujamaliza. Simama.” Akaweka kidole kwenye kioo. “Huyu hapa ana mabinti wawili Kagondo. Na huyu, kijana wake ni fundi cherehani Muleba mjini. Nao si walikata?”

Walikata. Wote walikata. Nikasogeza stendi upana wa kidole, nikamwinamia mama wa watu. Alitokea mzima, mwenye mwanya, mwenye chunusi moja kidevuni, anatazama mbele kana kwamba ananingoja mimi. Tukaenda mtu kwa mtu, mstari wa nyuma, mstari wa mbele, yeye akitaja watoto wao na mahali walipo, mimi nikipiga, mpaka mwenye boti akaanza kututukana. Wote walikuwa wametulia. Niliwaonea wivu mabinti wa Kagondo, Mungu anisamehe, hata kabla sijawafahamu.

Picha ya mama niliichapisha mwisho, nikaipeleka Kaagya. Shangazi aliishika mbali, akaishika karibu, akaiweka juu ya magoti yake.

“Ndiye,” akasema.

“Mbona hana macho, shangazi?”

“Mimi nayaona.”

Na aliyaona kweli, kwa sababu alikuwa nayo kichwani tangu zamani. Picha ilimgusa bega tu, mengine akajaza mwenyewe. Nikamwomba anisimulie yalikuwaje.

“Macho?” Akashangaa swali. “Ya kawaida. Mawili.”

Alipoona nimeinamisha uso, akaitazama tena picha. Kisha akaivuta kanga yake, akakaa wima kwenye kigoda kama anayepigwa picha, mikono imekunjwa, shingo imenyooka. Akakaa hivyo kitambo. Halafu ghafla akageuza kichwa kushoto, upesi, na tabasamu likatangulia kabla uso haujafika, kama msichana aliyeitwa na mtu anayempenda. Mwanamke wa miaka sitini, hana meno mawili ya mbele.

“Hivi,” akasema. “Alikuwa anageuka hivi.”

“Rudia, shangazi.”

Akarudia.